Maneno ya Mwisho ya Stratos

Sehemu ya Nne

Barua zenu zimenifika. Mama mmoja ameandika kwamba mwanamke kama mimi hafai kupewa nafasi gazetini. Sibishani naye. Namwomba tu asome ya leo mpaka mwisho, kisha anichukie akiwa na habari kamili.

Kwa wewe unayenikuta leo: naitwa Asimina, nina miaka sitini na mitatu, mjane, mkazi wa Argos. Nilikuwa na mtoto mmoja, Stratos, fundi wa majokofu ya mahoteli. Mwaka jana, mwezi wa tano, gari lake la kazi liliacha njia kwenye kona moja juu ya bahari, kusini mwa Astros, likaanguka kwenye mawe. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mkewe, Mirto. Wageni walikuwa wameshaketi mezani. Mirto akamtumia ujumbe: *Harakisha, watu wana njaa.* Usiku wa msiba, mbele ya ukoo mzima, alipiga magoti akasema, "Mimi ndiye niliyemharakisha." Ukoo ukalichukua neno lile kutoka mdomoni mwake, na tangu siku hiyo hawakuhitaji kutafuta mwenye kosa.

Mimi nilikuwa najua. Saa kumi na dakika ishirini, alipofika kwenye kona ile, Stratos alikuwa na simu sikioni, anaongea na mimi mama yake. Nilisikia breki. Nilisikia bati likigonga mawe. Nikakata simu, nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikasubiri mtu aje kunipa habari ambayo tayari nilikuwa nayo.

Nikanyamaza mwaka mzima.

Tulipomaliza misa ya mwaka, ngano iliyochemshwa ya kuwaombea marehemu ikiwa bado mikononi mwa watu, Mirto alinifuata na ramani. Stratos alikuwa ameichora kwa penseli: safari ya siku tano kwa gari, kutoka Argos kuzunguka pwani yote hadi Kalamata. Kila kituo alikiandikia neno. Kila kiangazi alisema mwakani, kwa sababu kiangazi ndipo majokofu hufa.

"Twende, mama," Mirto akaniambia. "Mimi na wewe."

Nilikubali kwa sababu sikupata uongo wa kukatalia.

Siku ya kwanza tulipita kwenye ile kona, tukawasha taa ya mafuta kwenye kanisa dogo la bati, si kubwa kuliko kisanduku cha barua, tulilomjengea kando ya barabara. Siku ya pili tulivuka milima ya Kosmas, tukalala Monemvasia. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara zote mbili niliishia kuomba maji.

Hii ni siku ya tatu.

*

Tuliondoka Monemvasia asubuhi, Mirto kwenye usukani, mimi na ramani mapajani. Sijui kuendesha gari. Kazi yangu ilikuwa kusoma mwandiko wa mwanangu.

"Hapa kabla ya Gytheio anasemaje?" Mirto akauliza.

"Kuna ufuko wenye meli iliyooza."

"Ameandika nini?"

Nilisita. "Ameandika, *Hapa Mirto aogelee, mimi nishike taulo.*"

 Tulipita mashamba ya michungwa, tukapita mizeituni, Mirto akapunguza mwendo, akakata kushoto kwenye njia ya vumbi.

Meli ilikuwa pale, imelala mchangani, nyekundu kwa kutu. Mirto alivua blauzi yake ya bluu, akabaki na vazi la kuogelea. Alikuwa amelivaa ndani tangu Monemvasia. Kumbe alikuwa ameisoma ramani peke yake, kituo kwa kituo, kabla hatujaondoka.

"Maji ni baridi," nikamwambia. "Ni mwezi wa tano."

"Shika taulo, mama."

Nikashika taulo. Nilisimama na nguo zangu nyeusi kwenye mchanga, mwanamke mzee mwenye taulo la maua, nikimwangalia mke wa mwanangu akienda mbali na ufuko. Wakati ule nilimpenda. Nawaambia ukweli, nilimpenda. Nikasema moyoni: akitoka majini tu, namwambia.

Simu yake ikalia ndani ya mkoba.

Niliiacha. Ikalia tena. Ilipolia mara ya tatu niliitoa. Kwenye kioo paliandikwa *Fotis*.

Sikumjua Fotis yeyote. Nikapokea, sikusema neno.

"Mirto, samahani, najua nakusumbua," ikasema sauti ya mwanamume. "Nilitaka kujua tu kama umeshamwambia mama."

Ilikuwa sauti ya upole. Ule upole ndio ulionichoma.

Nikakata. Nikairudisha simu mkobani, chini ya kitana, kama ilivyokuwa.

Mirto alitoka anatetemeka, midomo imekuwa ya zambarau. Nilimfunika taulo.

"Nimesikia kama simu yangu," akasema.

"Sijasikia kitu. Labda ni mbuzi na kengele zao."

Akacheka kidogo. "Mama, mbuzi hawana wimbo wa simu."

"Wa siku hizi wanao."

Tukarudi garini tukicheka wote wawili. Ndani yangu hapakuwa na kicheko. Mwaka mmoja. Mwanangu ana mwaka mmoja ardhini, na mkewe ana mwanamume wa kumpigia mara tatu. Nilikuwa nimebeba kosa langu kama kaa la moto, na sasa nimepata mahali pa kulitua. Nikajiambia, aendelee kulaumiwa. Anastahili. Mke mwema asingekuwa na Fotis.

Mnaona jinsi nilivyo. Nusu saa kabla ya hapo nilikuwa tayari kuungama.

*

Tulifika Areopoli adhuhuri. Wifi yangu Garifalia anakaa huko, kwenye nyumba ya mawe ya baba yao, yenye mnara na madirisha madogo. Stratos alikuwa ameandika kwenye ramani: *Kwa shangazi. Tusikae zaidi ya saa moja.* Alimfahamu vizuri.

Garifalia alinikumbatia, akanilia begani. Mirto alipewa mkono tu, vidole vitatu.

Alikuwa ametuandalia nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi, mayai, na zile kanda za unga za kukaangwa kwa mafuta ya zeituni ambazo watu wa huko hawali bila kuwa nazo mezani. Tukaketi. Akatupakulia. Mimi nilipata sahani iliyojaa, Mirto akapata kipande cha ukingoni.

"Umependeza," Garifalia akamwambia. "Hiyo bluu inakukaa."

"Asante, shangazi."

"Mwaka umeisha Jumapili. Leo Jumatano. Hukupoteza muda."

Mirto aliweka uma chini. "Mama ndiye aliyeniambia niivue nyeusi."

Ilikuwa kweli. Nilimwambia baada ya misa, kwenye ngazi za kanisa. Garifalia akanigeukia, nami nikaanza kuchambua mfupa wa nyama kama mtu anayetafuta sindano.

"Ndugu yangu alimwacha mtoto mmoja tu duniani," Garifalia akaendelea, sauti ya taratibu, ya mtu anayesimulia hali ya hewa. "Mmoja. Alikuwa dereva tangu ana miaka kumi na minane. Hajawahi kumkwaruza hata paka. Siku moja anaambiwa aharakishe, eti watu wana njaa. Wangekufa na hiyo njaa?"

"Wifi," nikasema.

"Acha niseme. Mimi huwa naongea mbele ya mtu, si nyuma yake. Binti, wewe ndiye uliyemuua mtoto wetu. Sisemi kwamba ulitaka. Nasema ulimuua."

 Mirto hakulia. Alikuwa ameiweka mikono yake miwili mezani, kando ya sahani, kama mwanafunzi.

"Nilimwandikia ule ujumbe, shangazi," akasema. "Sijawahi kukana."

"Basi."

"Basi."

Garifalia akanigeukia. "Asimina, wewe ndiye mama. Sema. Nimesema uongo?"

Nilitazamwa na wanawake wawili. Mmoja alikuwa na macho ya hasira. Mwingine, Mirto, aliniangalia kwa namna ambayo wakati ule sikuielewa. Alikuwa ananingoja. Sasa naelewa alichokuwa anangoja; pale mezani nilidhani ananiomba nimtetee tu.

Neno lilikuwa hapa, kwenye koo. *Hakuharakishwa na ujumbe. Alikuwa anaongea na mimi.* Maneno machache hayo. Mtoto wa darasa la kwanza angeyasema.

"Chakula kinapoa," nikasema.

Mirto aliinamisha uso. Akala kipande chake chote, akamaliza. Akasimama, akakusanya sahani, akaenda kuziosha. Tulimsikia jikoni akiziosha moja moja, bila kugonganisha.

"Ana adabu, hilo siwezi kumnyima," Garifalia akasema, na akanijazia kahawa.

*

Barabara ya kutoka Areopoli inashuka kwa kona kali hadi Limeni, ambako maji ni ya kijani mpaka unaona vivuli vya mashua chini kwenye mawe, kisha inapanda tena kwenda Itilo.  Mimi nilikuwa nimejaa aibu, na mimi nikiwa na aibu huwa natafuta ugomvi.

"Fotis ni nani?" nikauliza.

Aliendelea kuangalia barabara.

"Kwa hiyo ulipokea."

"Nimeuliza Fotis ni nani."

"Ni mwalimu. Kwao Kalamata. Mwaka huu anafundisha Argos. Alikuwa anakuja kwenye duka la dawa kumchukulia baba yake dawa za moyo, nami ndiye niliyekuwa nampa." Akabadilisha gia. "Mwezi wa pili aliniomba nikubali anioe. Sikumjibu. Nilitaka nikuambie wewe kwanza, kabla ya mtu yeyote. Nimekuwa nikitafuta namna tangu Jumatatu."

"Mwezi wa pili." Nilihesabu kwa vidole ili anione. "Mwanangu alikuwa hajamaliza hata miezi tisa."

"Najua, mama."

"Udongo wake ulikuwa haujatulia. Kumbe wewe unauza dawa na kuangalia wanaume."

Ni mimi niliyesema hivyo. Neno nimeliandika kama nilivyolisema.

 Mirto alikata kulia kwenye uwanja mdogo wa changarawe kandokando ya barabara, juu kabisa, akazima gari, akavuta breki ya mkono. Mbele yetu ghuba yote ya Itilo ilikuwa wazi.

"Soma," akasema. "Hapa ameandika nini?"

Nilifungua ramani. Penseli ilikuwa imefifia. "*Hapa tusimame tu. Tusifanye kitu.*"

"Basi hatufanyi kitu," Mirto akasema. "Tunaongea."

Alishusha kioo. Upepo ukaingia na harufu ya majani makavu.

"Siku tatu baada ya mazishi nilirudi kwenye ile kona peke yangu," akaanza. "Nilikuwa natafuta miwani yake. Sijui kwa nini miwani. Nilishuka kwenye mawe, nikaingia kwenye miiba. Miwani sikuipata. Nilipata simu."

Nikaacha kuitazama bahari, nikamgeukia.

"Polisi walisema imepotea baharini. Haikupotea. Ilikuwa imenasa kwenye kichaka, kioo kimepasuka. Nikaichomeka nyumbani, ikawaka." Alikuwa anaongea akiiangalia bahari. "Ujumbe wangu ulikuwa haujafunguliwa, mama. Hakuusoma. Niliutuma saa kumi na dakika kumi na saba, na saa kumi na dakika kumi na moja tayari alikuwa kwenye simu. Paliandikwa *Mama*. Dakika tisa."

Nikaikunja ramani mara mbili. 

"Unajua," nikasema.

"Nimejua mwaka mzima."

"Na leo kwa Garifalia. Uliniangalia."

"Nilidhani utasema. Nilidhani hivyo kwenye kona. Nilidhani hivyo Monemvasia, ulipoomba maji ukiwa na glasi iliyojaa mbele yako."

"Kwa nini hukusema wewe? Wanakutukana, Mirto. Wanakupa kipande cha ukingoni."

Akageuka, akaniangalia mara ya kwanza tangu asimamishe gari. Sikuona hasira, na ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

"Ulikuwa huli," akasema. "Wiki ya kwanza ile, ulikuwa huli wala hulali, daktari alisema moyo wako hautahimili. Nikasema, wakijua ni wewe, na huyu naye atakufa. Mimi ni kijana, nitaweza. Na baada ya hapo siku zikapita, na mzigo ukawa wangu tu, nikauzoea."

Nililia. Siandiki zaidi juu ya hilo. Mwanamke niliyemsema vibaya kwa miaka minne, niliyemnyima hata neno moja mezani, alikuwa amenificha nyuma ya mgongo wake mwaka mzima, na mimi sikujua.

"Nisamehe," nikasema. "Mirto, mwanangu, nisamehe."

"Sikukuleta huku uniombe radhi."

"Umenileta kwa nini?"

Alifuta uso kwa kiganja.

"Mimi nina ujumbe ambao hakuusoma," akasema. "Wewe una sauti yake. Una dakika tisa. Mwaka mzima nakuangalia mdomoni, mama, nikijua yamo humo. Nataka uniambie alisema nini. Mwisho kabisa. Alisema nini?"

*

Niwaambie ninyi kwanza.

Nilimpigia Stratos siku ile kumlalamikia mkewe. Ilikuwa kawaida yangu. Miaka minne hajazaa. Jumapili haji mezani kwangu, yuko kazini dukani. Siku yake ya kuzaliwa amealika watu wote na mimi ameniambia siku moja kabla. Nikamwambia, mrudishe kwao Tripoli, hapo milimani tu, mwanangu, wewe bado kijana, utapata mwingine.

Kila siku jibu lake lilikuwa moja: "Mama, acha."

Siku ile alinyamaza. Nilisikia injini, nikasikia upepo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayevua viatu baada ya kazi: "Umeshinda, mama. Nimechoka. Nimechoka na nyinyi wote wawili. Leo nikifika nitamwambia arudi kwao."

Nami nikafurahi. Mungu ananiona ninavyoandika. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja, kisha nikasikia breki.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya mwanangu. Ndiyo aliyokuwa ananiomba Mirto, pale juu ya ghuba, uso umelowa.

Ningefanya nini? Nilimtazama. Shingo yake nyembamba, nywele bado zina chumvi ya asubuhi. Nikawaza, huyu nimemnyima kila kitu. Acha nimpe kitu kimoja.

"Alikutetea," nikasema.

Hakupepesa macho. "Alisemaje?"

"Mimi nilikuwa nakusema vibaya. Hilo usishangae. Yeye akasema, 'Mama, acha kumsema mke wangu. Leo ni siku yake, namwahi nyumbani.'"

"Alisema 'mke wangu', au alisema Mirto?"

"Alisema, 'Mirto wangu.'" Maneno yalinijia kwa urahisi kuliko ukweli wote niliowahi kusema. "'Mirto wangu ananingoja.' Ndilo neno la mwisho."

Mirto aliangusha kichwa kwenye usukani. Honi ikalia, kubwa, mbuzi waliokuwa chini ya barabara wakakimbia. Akashtuka, akacheka, akalia, akacheka tena huku analia, na mimi nikamsugua mgongo. Nikasema kimoyomoyo, Asimina, mara moja maishani umefanya jambo jema.

Alikaa hivyo dakika nyingi. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umebadilika. Miaka kadhaa ilikuwa imeondoka usoni.

"Nilikuwa nadhani alikufa amenichoka," akasema. "Hukujua hilo. Wiki zile za mwisho alikuwa haongei nami. Anakula, anageukia ukutani. Nilijiambia, huyu moyoni ameshaniacha, bado kuniambia tu."

Nikageuza uso kwenye dirisha la upande wangu.

"Ndiyo maana nilimsikiliza Fotis. Nikasema, kama Stratos alikuwa ameshaniacha, basi nikiolewa simwibii mtu. Fotis ni mtu mzuri, mama. Ananichekesha. Mara ya kwanza nilipocheka niliogopa, nikatazama nyuma kama kuna mtu ameniona." Alichukua mkoba wake. "Nilimwambia atangoja jibu mpaka tufike Kalamata. Nilitaka kwanza nikuulize wewe."

"Sasa umeuliza," nikasema. Nilidhani nimemfungulia mlango. Nilikuwa karibu kumpa baraka zangu.

"Sasa nimeuliza. Sina haja ya kungoja Kalamata." Alitoa simu. "Mtu aliyenitetea mpaka kwenye pumzi yake ya mwisho. Nitamwachaje? Siwezi, mama. Singeweza kulala."

"Mirto."

"Nitahamia kwako. Nimeshalifikiria. Ile nyumba ni kubwa kwako peke yako, na ngazi zile na magoti yako, siku moja utaanguka. Nitakutunza. Tutakuwa tunaenda pamoja kumwashia taa."

Mama ulioniandikia barua, hapa ndipo nakuomba usome taratibu.

Nilitaka. Niliona jioni zangu zikiwa na mtu upande wa pili wa meza. Niliona kahawa ya asubuhi ikichemshwa na mkono usio wangu. Niliona mtu wa kunifumba macho siku yangu ikifika, na mtu huyo alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na angeyatoa yote kwa sentensi ambayo mwanangu hakuisema. Haikunidai kazi yoyote. Nilipaswa tu kunyamaza, na kunyamaza nimeshazoea.

Aliweka simu sikioni. Ililia mara moja tu upande wa pili.

"Fotis," Mirto akasema. "Ndiyo, niko salama. Tuko Itilo. Sikiliza, nina jibu lako. Naomba usinikatize, kwa sababu nikikatizwa sitaweza kumaliza."

Akafumba macho ili aseme.

Nikamshika mkono.

"Kata hiyo simu," nikamwambia.

Akafumbua macho. Hakukata.

"Mama, niache nimalize."

"Kata, Mirto. Nimekudanganya."

Aliishusha simu taratibu mpaka mapajani mwangu, juu ya ramani, ikiwa bado imewashwa. Sauti ya Fotis ilitoka humo ndogo, ikiita jina lake, ikiuliza kuna nini.

Mirto alinitazama. Ule uso mpya, ule niliompa dakika chache zilizopita, ulikuwa bado haujamtoka.

"Umenidanganya lini, mama?" akauliza. "Mwaka jana, au sasa hivi?"